Tatizo Linalovaa Viatu

Ipo nchi moja ambayo haina haja ya kutajwa, maana nikiitaja tu mtasema mnaijua, na mimi itanibidi nikatae. Ni nchi ya watu wapole. Wimbo wao wa taifa una beti nne na zote zinasifu upole. Askari wao akitaka kukupiga rungu husema samahani kwanza. Na wanaume wa nchi hiyo waliwapiga wake zao kwa upole huohuo, mlango umefungwa, redio imepandishwa sauti ili majirani wasisumbuliwe.

Siku moja wakaja wageni wenye madaftari. Wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakarudi kwa Rais na habari kwamba katika kila wanawake kumi wa nchi yake, sita wamevunjwa kitu. Rais akafedheheka sana. Si kwa vile vitu vilivyovunjwa. Kilichomfedhehesha ni kwamba kwa nchi jirani walikuwa watano. Akalihutubia taifa kwa saa tatu, akasema, "Ndugu wananchi, kupiga kupo dunia nzima. Lakini wenzetu wanapiga tu, basi. Sisi tutapiga na kusikiliza." Wakampigia makofi, na kesho yake ikaundwa Kamisheni ya Usikilizaji wa Taifa.

Akaletwa mwalimu kutoka mbali, mama mmoja wa mvi asiyependa makuu, kufundisha tiba ya masimulizi. Tiba yenyewe ni hii: mwanamke aliyeumizwa anakaa na mtu wa kumsikiliza, anasimulia yaliyompata kwa maneno yake, na safari hii yeye ndiye mwenye hadithi. Mama yule hana kosa, haki ya Mungu. Alisema mambo matatu. Mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Tatizo litengwe na mtu, litolewe nje lipate kutazamwa. Na mwenye hadithi ndiye mwenye kulipa tatizo jina. Akafundisha siku tatu, akapewa kinyago cha tembo, akapanda ndege. Nchi ikabaki na sentensi zake tatu na makatibu wakuu kumi na wawili wa kuzifanyia kazi.

Kamishna Mkuu akateuliwa Mheshimiwa Daktari Pazi Mwandenga. Tangazo lilisema ana uzoefu wa miaka kumi na tisa katika masuala ya wanawake walioumizwa. Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kuuthibitisha uzoefu huo kwa mifupa yake, naye alikuwa mkewe, Kidawa.

Kidawa alikuwa na dada yake mkubwa, Sikitu, fundi cherehani wa sare za shule. Miaka miwili Sikitu hakuwa amemtia machoni mdogo wake. Kila Ijumaa alifika kwenye geti la Kamishna na vitumbua, na kila Ijumaa mlinzi alimwambia mama amepumzika. Vitumbua vilipokelewa. Baadaye mlinzi alianza kuulizia kama wiki ijayo vinaweza kuongezwa iliki, na hapo Sikitu akajua vinaliwa na nani.

Basi aliposikia redioni kwamba wanatafutwa wasikilizaji mia tatu wa kufunzwa, na kwamba msikilizaji mwenye beji hatazuiwa katika mlango wowote wa nyumba yoyote ndani ya jamhuri, alifunika cherehani yake kwa kanga, akaenda kujiandikisha. Hakuwa na neno lingine moyoni. Alitaka kupita geti lile kabla mdogo wake hajatolewa kwa mlango wa nyuma amefunikwa shuka.

Dk. Pazi alimtambua papo hapo, na wala hakumfukuza. Alifurahi. Alikuwa mtu wa kutafuna karafuu, na siku hiyo alitafuna polepole huku akimwonyesha kiapo. Msikilizaji wa Taifa, kiapo kilisema, hatatoa neno lake mwenyewe kuhusu alichokisikia au kukiona, popote, milele. Ataruhusiwa kuuliza tu. Adhabu, miaka saba.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa najiuliza mdomo wako nitaufunga kwa kitu gani. Kumbe umekuja mwenyewe na kufuli mkononi."

"Natia saini wapi?" akauliza Sikitu. Lilikuwa swali, kwa hiyo halikuvunja kiapo.

"Hapo chini. Na beji mtapewa siku ya mahafali, baada ya miezi sita. Usiwe na haraka."

Mafunzo yakaanza. Wiki mbili za mwanzo walifundishwa kutikisa kichwa. Kichwa cha msikilizaji kilitakiwa kushuka vidole vitatu, kisizidi, maana kikishuka vidole vinne inakuwa umekubaliana na mwanamke, na kukubaliana ni siasa. Wiki ya tatu walifundishwa sauti zilizoidhinishwa, nazo zilikuwa tatu: "mh", "pole" na "ikawaje". Mwanafunzi mmoja aliguna "khaa" kwenye zoezi akarudishwa kwao siku ileile.

Kisha wakaingia kwenye majina. Ukutani ilibandikwa orodha ya majina ya matatizo yanayopendekezwa na Kamisheni: Hasira, Joto, Shetani, Mwezi Mchanga, Uchovu. Lilikuwepo na Pombe, likafutwa baada ya Waziri mmoja mwenye kiwanda kulalamika kwamba anachafuliwa. Mwanamke akishachagua jina, mfano Hasira, karani huliandika kwenye rejista. Kisha askari wawili huenda nyumbani kwake na gunia. Hubisha hodi, huuliza kama Hasira yumo, humshika hewani karibu na kabati la vyombo, humtia guniani, hufunga mdomo wa gunia kwa lakiri ya serikali. Mume hupeana mkono na askari na kupigwa picha. Siku ya pili hupata barua ya pole kutoka Kamisheni, kwa kuishi na Hasira nyumba moja muda wote huo bila msaada. Mwanamke naye hupewa Cheti cha Kupona, hurudishwa nyumbani.

Magunia hayo matupu yalihifadhiwa katika Ghala la Taifa la Matatizo, lenye kuta nene na mlango wa chuma, likilindwa kwa bunduki. Mwaka haujaisha likajaa. Likajengwa la pili, kubwa zaidi, na Rais alipolifungua alisema ni ushahidi wa jinsi taifa linavyopona kwa kasi.

Mwanamke wa kwanza aliyepangiwa Sikitu kwenye mafunzo ya vitendo alikuwa Bi Nyasatu, mfua nguo. Mara ya kwanza alikuja na mkono kwenye bandeji, akachagua Hasira. Mara ya pili alikuja na sikio, akachagua Joto, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Februari. Mara ya tatu alikuja na meno yake matatu kwenye leso.

"Mwanangu," alisema, "hivi huyu Hasira mnayembeba guniani, ana mikono?"

Sikitu alishusha kichwa vidole vitatu. "Mh," akasema.

"Mimi nafua nguo za watu. Doa nikiliona najua kama ni la mafuta au la damu. Sidanganyiki. Huyo mnayemchukua siye."

"Pole," akasema Sikitu. Ndicho alichoruhusiwa. Alikisema mara nne.

Bi Nyasatu hakurudi mara ya nne. Mumewe alimzika na Cheti chake cha Kupona kifuani, akaeleza wafiwa kwamba marehemu alikuwa akikipenda sana, na Kamisheni ikamwandikia barua ya pili ya pole. Picha yake akiisoma barua hiyo ilitoka kwenye kalenda.

Jamani, Sikitu alichukia. Alichukia mpaka mikono ikawa haimtii, akashona mfuko wa shati la mtoto wa watu mgongoni. Alimchukia mume wa Bi Nyasatu, akaichukia kalenda, akajichukia mwenyewe kwa zile pole nne. Usingizi ulipokataa alichukua kitabu cha kanuni za Kamisheni, ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukisoma kwa sababu mtihani ulikuwa wa kutikisa kichwa, akakisoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Kanuni ya Saba ilisema jina atakalotamka mwenye hadithi litaandikwa kama alivyolitamka, na halitabadilishwa na mtu yeyote, hata Rais. Ya Nane ilisema tatizo lililoandikwa litatolewa siku hiyohiyo, lifungiwe ghalani. Ya Tisa ilisema tatizo lisijibiwe wala kusikilizwa, kwani likisikilizwa hupata nguvu. Zote tatu zilikuwa na saini ya Dk. Pazi. Alikuwa ameziandika kwa ajili ya wale wageni wenye madaftari, na wageni walikuwa wamezipigia makofi wamesimama. Ile orodha ya ukutani haikuwemo kwenye kanuni hata moja. Ilikuwa karatasi tu iliyobandikwa kwa gundi.

Msidhani aliyetunga kanuni hizo alikuwa mjinga. Katika nchi ile mke hamtaji mumewe jina. Humwita Baba Fulani, au Mwenye Nyumba, au yule. Bibi harusi hukaa na kungwi siku saba, na jambo la kwanza kufundishwa, kabla ya mapishi na kabla ya yale mengine, ni hilo. Mke aliyetamka jina la mumewe amemvua nguo sokoni. Mabinti zake hawaposwi, na akifa hapati wa kumwosha. Walikuwepo wanawake waliokufa bila kulitaja jina hata wakiwa chini ya panga. Kwa hiyo mlango wa sheria uliachwa wazi kabisa, na mila ikawekewa kiti mlangoni.

Sikitu alikifunga kitabu. Kuanzia siku hiyo aliongoza darasa. Hakuna aliyetikisa kichwa kwa usahihi kama yeye. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Ikafika siku ya mahafali. Ukumbi ulijaa, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja, wageni wenye madaftari wamekaa mbele, na nyuma yao wanawake mia nane walioletwa na malori kupiga vigelegele. Kilipangwa kipindi kimoja cha mfano, na Dk. Pazi, kwa kuwa sifa hazimtoshi mtu, alikuwa ameamua mfano huo awe mke wake mwenyewe. Taifa lione kwamba hata kwa Kamishna tiba inaingia. Jina la tatizo lilishaandaliwa: Uchovu wa Kazi za Taifa. Kidawa alilikariri wiki nzima, akisimamiwa. Na msikilizaji angekuwa mwanafunzi bora, ambaye kwa bahati njema ni shemeji. Dk. Pazi aliona hilo litapendeza kwenye picha.

Kidawa akaingia. Joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa, naye amevaa gauni la mikono mirefu, mtandio mpaka kidevuni, miwani nyeusi. Sikitu alimtazama, akamwona amekwisha, amebaki mabega. Miaka miwili alikuwa amepanga atakachomwambia, na sasa haruhusiwi kumwambia lolote. Alikuwa na maswali tu.

Wakakaa wakitazamana. Dk. Pazi alisimama kwenye mimbari, akitafuna.

"Karibu," alisema Sikitu, neno ambalo kanuni ilimruhusu kulitumia mara moja. "Unaumwa na tatizo?"

"Ndiyo."

Hapo, kwa ratiba, alipaswa kuuliza jina. Lakini mama yule wa mvi alikuwa amefundisha, na kitabu cha kanuni kilisema, kwamba msikilizaji anaweza kwanza kuuliza tabia za tatizo.

"Huja wakati gani?"

Hilo Kidawa hakulikariri. "Huja jioni," akasema. "Likishatoka ofisini."

Mgeni mmoja aliandika kitu. Kikohozi cha Dk. Pazi kilisikika redioni.

"Linavaa nini?"

"Suti. Na viatu."

"Viatu gani?"

"Vyeusi, vya ngozi. Namba kumi na moja." Kidawa alijishika ubavuni bila kujua. "Namba naijua. Huwa inabaki."

"Linakula?"

"Linakula maini. Yasiive sana. Yakiiva sana ni kesi."

"Pole. Linanukia nini?"

"Karafuu," alisema Kidawa.

Mia nane wale walioletwa kupiga vigelegele wakaigeukia mimbari. Huko taya likasimama kutafuna. Dk. Pazi akainamia kipaza sauti, akatabasamu kwa ajili ya wageni, akasema, "Mama amechoka. Msikilizaji, uliza jina tumalize."

Sikitu aliegemea mbele mpaka magoti yao yakagusana. Alijua anachokiomba. Alijua anamwomba mdogo wake atamke kitu ambacho hata mama yao aliyewazaa alikufa hajakitamka, na kwamba akikosa kukitamka watarudi wote wawili kulekule, mmoja ndani ya geti na mwingine nje, mpaka shuka.

"Tatizo lako," aliuliza, "linaitwa nani?"

"Uchovu," Dk. Pazi alimnong'oneza, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo nchi nzima.

Kidawa akavua miwani. Sitaeleza jicho lile lilivyokuwa. Wageni wa mbele waliliona, na mmoja aliangusha daftari. Kidawa akageuka mzimamzima kwenye kiti, akaitazama mimbari.

"Linaitwa Pazi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akaipandisha. "Mheshimiwa Daktari Pazi bin Mwandenga, Kamishna Mkuu wa Usikilizaji wa Taifa, Nishani ya Upole Daraja la Kwanza. Andikeni kama nilivyosema."

Karani wa rejista alikuwa mama wa makamo ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa hajawahi kukosea herufi. Aliandika yote, hata nishani. Kisha akapuliza wino ukauka.

Dk. Pazi alicheka, akaona hakuna anayemsaidia kucheka. "Futa," alisema.

"Kanuni ya Saba, Mheshimiwa," alisema karani.

Sajini Ngoli, mkuu wa wabeba magunia, alikuwa amesimama pembeni na gunia lake tayari kwa kumshika Uchovu. Alikuwa askari wa kufuata maandishi, mtu asiyeongeza wala kupunguza. Alisoma rejista mara mbili, akalitazama gunia, akamtazama Kamishna kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akamwagiza mwenzake alete la pili waliunganishe.

"Sajini, una wazimu? Mimi ni mtu."

"Mheshimiwa, ulitufundisha mwenyewe, ninayo hapa," Sajini alijibu, akafungua kijitabu chake cha mfukoni. "Mtu si tatizo. Na wewe umeandikwa tatizo." Kisha akakumbuka Kanuni ya Tisa kwamba tatizo halijibiwi, akaomba radhi kwa ukumbi, na tangu hapo hakumjibu tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miguu ilisumbua kidogo kuingia, kwa sababu ya viatu, lakini wanawake sita wa mstari wa mbele walijitolea kushikilia mdomo wa gunia, na lakiri ikapigwa vizuri. Wageni walisimama wakapiga makofi. Walikuwa wamepewa ratiba inayosema mwishoni tatizo litatolewa nje, na kweli lilitolewa.

Redio haikuwa imezimwa. Mtambo wake ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwa tatizo.

Jioni ile, nyumba kwa nyumba, wanawake walikaa jikoni wakijaribu. Kwanza walinong'ona ndani ya sufuria. Halafu kwa sauti. Kufikia Jumatatu foleni ya Kamisheni ilizunguka mtaa, na wote walikuwa na majina mawili mawili, mengine na cheo. Mume wa Bi Nyasatu alitajwa na mama mzazi wa marehemu, kwa niaba, na kanuni ikakubali. Yule Waziri wa kiwanda aliingia ghalani Jumatano, akakuta Baraza la Mawaziri limetimia na linaweza kukaa kikao. Wanaume wengi walijifunza kupika maini, wakauliza yaive kiasi gani. Wapo waliokimbilia kubadili majina, wengine wakajiita Hasira wakidhani watapata gunia tupu. Wakachukuliwa kama walivyoandikwa.

Kidawa akahamia kwa dada yake, kwenye chumba cha cherehani. Mwezi mzima alilala mchana. Usiku alikaa macho akiangalia mlango.

Wanasheria wa serikali nao hawakulala. Wakaipekua sheria mpaka wakaikuta Kanuni ya Ishirini: jina linaweza kufutwa na yule tu aliyelitaja, kwa saini au dole gumba la mkono wa kulia. Likifutwa la kwanza, walisema, yaliyofuata yote yanakosa msingi, na taifa linarudi kwenye upole wake. Basi wakatumwa wazee watatu wa nchi, wa kanzu nyeupe na sauti za asali, wakaja na karatasi, kidau cha wino na mbuzi.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Kidawa.

"Marahaba, mwanetu. Marahaba." Wakaketi. Mkubwa wao akaanza. Alisema hakuna nyumba isiyo na moshi. Alisema mume ni mume hata akiwa guniani. Alisema kule ghalani Kamishna amekonda, anamlilia mkewe, na anachoomba ni msikilizaji tu lakini kanuni yake mwenyewe inamnyima. Alisema funika kombe mwanaharamu apite. Akazungumza hadi mbuzi akalala.

Sikitu alikuwa mbele ya cherehani yake, mguu haukanyagi. Alikuwa amewaona wanawake wakivunjwa na ngumi wakasimama, halafu wakavunjwa na wazee wenye sauti kama hizo wakarudi. Alimtazama Kidawa akishusha kichwa taratibu kwa kila neno la mzee, akaogopa kuliko alivyoogopa ukumbini.

"Kwa hiyo, mwanetu," mzee alimaliza, akisogeza karatasi. "Saini tu."

"Sijui kuandika siku hizi, baba. Vidole havikunjiki."

"Dole gumba linatosha." Akafungua kidau mwenyewe, kwa huruma. "La kulia."

Kidawa aliunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, akauacha pale wautazame. Dole gumba lilikuwa laini, linang'aa, halina mstari hata mmoja.

"Hili halina alama tena," alisema. "Siku ya kuapishwa kwake niliunguza kola ya shati. Akalipiga pasi dole hili."

Wazee waliutazama ule mkono. Yule wa tatu alitoa leso akajifuta shingo. Mkubwa wao alikuwa amezoea mabaraza, hakukata tamaa upesi. Alishauriana kwa macho na wenzake, akalainisha sauti zaidi.

"Basi serikali itakubali la kushoto, mwanetu. Tutaandika kanuni ndogo. La kushoto si lipo?"

"Lipo, zima kabisa," alisema Kidawa. Akalitazama kwa muda, kisha akalikunja ndani ya kiganja, akafunika kidau cha wino. "Ila hilo ni langu. Mbuzi wenu msimsahau."